Msimu wa Kung'oa Kwembago

Kabichi aliyoileta Mwenyekiti Shekalaghe ilikuwa nzuri kwa nje, kama walivyo watu wengi. Aliibwaga juu ya meza ya Kitotoleo, akavua kofia, akasimama amenuna.

"Nyigu wako wamelala, Bi Mkunde," alisema.

"Nyigu hawalali, Mwenyekiti. Mnaolala ni ninyi."

Mkunde Shemhilu aliipasua ile kabichi kwa kisu. Ndani ilikuwa imeoza. Viwavi wa kijivu, wembamba kama sindano za cherehani, walikuwa wamechimba vijia kutoka kwenye shina mpaka kwenye moyo, na kila kijia kilivuja maji meusi yenye harufu ya mtaro. Alimnyanyua kiwavi mmoja kwa koleo, akamweka kwenye sahani ya kioo, kisha akafungua kichupa na kumwagia nyigu wachache juu yake.

Hawa hawakuwa wale nyigu wanaojenga viota darini na kuuma watu. Walikuwa wadogo kama pilipili manga iliyosagwa, na hawakuwa na haja na binadamu. Kazi yao duniani ilikuwa kumnusa kiwavi, kumpanda, kumtoboa na kumtagia yai mwilini. Yai likianguliwa, kiwavi huliwa kutoka ndani mpaka libaki gamba tupu. Mkunde aliwatotoa kwa mamilioni na kuwaachia bondeni kila wiki. Lakini asubuhi ile, mbele ya macho ya Mwenyekiti, nyigu walimpita yule kiwavi kama watu wanavyolipita jiwe njiani, wakarukia dirishani kwenye mwanga.

"Umeona?" Shekalaghe aliuliza.

"Nina macho."

Alimtia kiwavi kwenye mashine ya kusoma vinasaba, ambayo watu wa Kwembago waliiita Tumbo kwa sababu ilinguruma kama mtu mwenye njaa. Tumbo lilinguruma, likanyamaza, likatoa jibu kwenye kioo chake. Kiwavi alikuwa mgeni. Alikuwa mtoto wa nondo wa moshi, ambaye hakuwahi kuonekana katika milima ile. Tumbo lingeweza kutengeneza ukoo mpya wa nyigu wanaoijua harufu yake, lakini kazi hiyo ingechukua wiki tatu. Viwavi, kwa jinsi walivyokuwa wakila, hawangehitaji hata wiki mbili kulimaliza bonde zima.

"Zamani," Shekalaghe alisema akigeuzageuza kofia yake, "tungepiga dawa leo, kesho mtu unalala usingizi wako."

"Sumu."

"Sisi tuliita dawa."

Waliiita dawa, kweli. Mkunde alikumbuka vizuri, na kila alipokumbuka, midomo yake ilijikunja. Watu wa Kwembago walikuwa wakipulizia nyanya Jumatatu na kuzivuna Jumatano, zikapelekwa mjini zingali na ukungu mweupe kwenye maganda. Nyuma ya nyumba, kila familia ilikuwa na kijaruba chake cha mboga za kula wenyewe, na kijaruba hicho bomba la kupulizia halikukigusa. Hakuna aliyewafundisha kufanya hivyo. Walijua. Mtu anayejua kiasi hicho halafu akaendelea kusema dawa, Mkunde hakuwa na neno zuri la kumwita.

Ndipo ikaja Sheria ya Udongo Hai. Iliandikwa na watu wenye akili, mapema, kabla hawajapandishwa vyeo. Walijua kwamba mkulima haachi sumu kwa kuhubiriwa, kwa hiyo waliamua vitu vitatu viende pamoja. Kila bonde lipandwe milingoti inayonusa hewa na kuyafunga maji ya umwagiliaji pale mtu anapopulizia. Watu waliiita Pua ya Serikali. Kila bonde lipewe Kitotoleo cha nyigu, ili anayenyang'anywa sumu apewe mlinzi. Na kila bonde lijengewe ghala la mahindi na maharage, ili msimu ambao mlinzi atashindwa, mkulima asilipe kwa njaa kosa lisilo lake.

Pua zilikuja haraka. Kitotoleo kilikuja. Ghala nalo lilijengwa, likapakwa rangi, likazinduliwa, na kabla gunia la kwanza halijaingia, Mamlaka ikaona jengo zuri kama lile halifai kukaa bure. Ikatia dari ya jasi, feni na viti vya kuzunguka, ikaliita Ukumbi wa Ustahimilivu.

"Sasa utafanya nini?" Shekalaghe aliuliza.

"Nitawaarifu wakubwa," Mkunde alisema, kwa sauti ya mtu anayesema atakwenda kutupa taka.

*

Kamishna Gaudens Mahimbo alishuka kesho yake kwa kerengende la serikali, chombo cha mabawa manne kilichotua katikati ya uwanja wa mpira na kuwatia vumbi machoni waliokuja kumpokea. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuwa na desturi ya kuja wenyeji wakaugua. Nyuma yake lilitua kerengende la pili, kubwa zaidi, limebeba mapipa ya buluu yaliyoandikwa TULIZO, na kijana mmoja mwenye viatu vyeupe aliyejitambulisha kama Renatus kutoka kampuni ya Neemajani.

Walikaa ukumbini, watatu tu, chini ya feni.

"Bi Mkunde," Kamishna alianza, "mimi si mtu wa maneno mengi."

Halafu akasema maneno mengi. Alizungumzia changamoto, akazungumzia fursa zilizomo ndani ya changamoto. Mwishowe alifika alikokuwa akienda: mwisho wa mwezi wageni kutoka nchi kumi na mbili wangekuja Kwembago kujifunza jinsi taifa lilivyoachana na sumu mashambani, na bonde lilitakiwa liwe kijani. Kwa hiyo wapulizie Tulizo mara moja, bonde zima, siku moja. Pua zingezimwa siku hiyo. Sheria iliruhusu kibali cha dharura, ila tu kibali kilitaka alama ya kidole cha mtunza Kitotoleo wa bonde husika, naye ni Mkunde. Wale wenye akili walioiandika sheria walikuwa wameliona hilo tangu mwanzo: kwamba siku moja atatokea Kamishna.

"Tulizo inaua nyigu?" Mkunde alimwuliza yule kijana.

"Inatuliza wadudu waharibifu, Mama," Renatus alisema. "Inaweza kuwa na athari kiasi kwa wadudu wasiokusudiwa."

"Nimekuuliza swali la ndiyo au hapana."

Renatus alimtazama Kamishna. "Ndiyo," alisema.

"Wote?"

"Wale walioko nje, ndiyo. Na dawa hukaa kwenye majani, kwa hiyo utakaowaachia baadaye pia, kwa muda fulani."

"Katika muda huo viwavi watarudi, na nyigu hakuna. Tutapulizia tena. Mara hii mapipa ni bure, sivyo?"

"Bure kabisa," Renatus alisema kwa furaha.

"Bure ya kwanza ndiyo chambo," Mkunde alisema. "Samaki hatozwi chambo."

Kamishna alicheka kidogo, kama mtu anayemchekea mtoto wa mwenye nyumba. Akauliza kama ana njia nyingine. Mkunde alikuwa nayo. Alikuwa amekaa na Tumbo jana yote akimsoma yule nondo: mabawa mafupi, misuli dhaifu. Nondo wa moshi hurukaruka kutoka jani hadi jani. Akikuta ardhi tupu yenye upana wa uwanja wa mpira, huanguka katikati na kufa. Mpaka sasa alikuwa amekamata matuta ya chini tu, yale ya kandokando ya mto. Kama kila jani kuanzia mtoni mpaka barabara ya kanisa lingeng'olewa na kuchomwa, mashamba ya juu yangekuwa salama kwa wiki tatu, na nyigu wapya wangekuwa wametoka.

"Na watu wa chini?" Kamishna aliuliza. "Hiyo ni thuluthi ya bonde."

"Watalishwa na ghala mpaka msimu ujao. Ndivyo sheria isemavyo."

"Ghala lipi?"

"Umo ndani yake, Kamishna."

Mahimbo alitazama juu kwenye dari ya jasi, akatazama feni. Hakuona aibu. Mkunde alimchunguza uso kwa makini akiitafuta, kama mtu anavyotafuta sarafu iliyodondoka, akaikosa.

"Ghala ni dhana, Bi Mkunde. Ni mfumo mpana wa ustahimilivu."

"Dhana haisongwi ugali."

Kamishna alisimama, akavuta koti lake likae sawa. "Kesho asubuhi kuna mkutano wa hadhara. Utaweka kidole mbele ya watu. Na kama una shaka, nenda kawaulize wakulima wenyewe wanataka nini. Wewe si unawapenda?"

Mkunde hakuwapenda. Hilo ndilo Kamishna hakulijua, na ndilo lililomsumbua Mkunde njia nzima alipokuwa akiteremka kuelekea mtoni.

*

Shamba la Mwajabu lilikuwa la kwanza kutoka mtoni. Mwajabu alikuwa mjane wa Kaniki, kaka yake Mkunde, na alikuwa amepiga magoti kati ya matuta na beseni la maji ya majivu, akiwaokota viwavi kwa vidole, mmoja mmoja, na kuwazamisha. Kwa kila kabichi aliyoisafisha, mbili nyuma yake zilikuwa zimetobolewa upya.

"Wifi, karibu," alisema bila kuinuka. "Nasikia wameleta dawa."

"Wameleta sumu."

"Weka kidole."

Mkunde alikuwa amejiandaa kwa mengi lakini si kwa hilo, si kutoka kwenye kinywa hicho. Kaniki alikuwa amebeba bomba mgongoni ujana wake wote, bomba bovu lililovujia shati, na alikuwa akichanganya sumu kwa mkono mtupu kwa sababu fimbo ya kukorogea ilimchelewesha. Mikono ilianza kutetemeka akiwa bado kijana. Baadaye hakuweza kushika kikombe. Mwajabu ndiye aliyemnywesha uji mpaka mwisho, na ndiye aliyemfunga taya.

"Wewe unaniambia niweke kidole?" Mkunde aliuliza. "Wewe, Mwajabu?"

"Mimi. Kaka yako alikufa, ndiyo. Lakini alikufa ameshiba, na wanawe walikuwa wameshiba." Alizamisha kiwavi mwingine. "Unataka kuning'olea shamba. Usinitazame hivyo, Shekalaghe amelipata kwa Kamishna na amekwisha kukitangazia kijiji kizima, maana yeye analima juu. Sasa niambie, wifi. Ukining'olea, nitakula nini?"

"Nitakupa nilicho nacho."

"Mimi si ombaomba wa wifi yangu. Na sisi wa huku chini ni nyumba themanini. Utatulisha wote kwa mshahara wako?"

Mkunde aliokota kiwavi mmoja kwenye jani, akamtupa kwenye beseni.

"Wewe serikali inakulisha inyeshe isinyeshe," Mwajabu aliendelea, bila ukali, kama anayeeleza jambo la kawaida. "Ukikosea wewe, nalala njaa mimi. Ukipatia wewe, nalala njaa mimi vilevile. Ndiyo maana maneno yako ni mepesi. Siku zote unatuona wajinga tuliopenda sumu. Hatukuipenda. Tulikuwa tunachagua lipi lituue kwanza."

Upande wa mto, vyura waliokuwa wametoweka tangu Mkunde akiwa msichana walikuwa wakilia kwenye matete. Walikuwa wamerudi mwaka wa nne wa Sheria. Watoto wa bonde waliozaliwa tangu hapo hawakujua kwamba mto uliwahi kuwa kimya. Mkunde alitaka kumwonyesha Mwajabu wale vyura, akajiona mpumbavu. Chura naye hasongwi ugali.

Hapo ndipo dharau yake, iliyokuwa imemsindikiza kwa miaka mingi kama mbwa mwaminifu, ilipomgeukia. Kuwadharau Kamishna na kijana wa viatu vyeupe kulikuwa rahisi. Lakini yeye alikuwa na haki gani? Akiweka kidole, kila mtu angekula mwaka huu, na mabomba yangerudi migongoni, na kina Kaniki wengine wangeanza kutetemeka. Asipoweka, nyumba themanini zingebeba njaa ya bonde zima, na yeye aliyeamua asingekosa hata chai ya asubuhi. Alilipima jambo huku na huku, na pande zote mbili mizani ilikaa juu ya mgongo wa mtu mwingine.

"Sheria inasemaje hasa juu ya ghala?" Mwajabu aliuliza ghafla.

"Kwamba ni mali ya waliopoteza msimu, tangu saa ile mtunza anapotangaza hasara. Lakini ni tupu, Mwajabu. Wameweka viti."

"Nimesikia kuna viti," Mwajabu alisema, na akarudi kwa viwavi wake.

*

Asubuhi uwanja wa mpira ulijaa. Kamishna alihutubia akiwa amesimama mbele ya mapipa ya buluu, na kila alipotaja neno neema, Renatus alitabasamu. Kisha kibao cha kioo kikaletwa kwenye meza, na Mkunde akaitwa.

Alisimama, akaiweka mikono yake nyuma ya mgongo.

"Siweki," alisema. "Na kwa kazi niliyopewa na Sheria, natangaza kwamba matuta yote kuanzia mtoni mpaka barabara ya kanisa yamepoteza msimu. Yatang'olewa leo na kuchomwa leo. Nitakuwa mtu wa kwanza kushika jembe."

Watu wa juu walishangilia kabla hajamaliza. Shekalaghe, ambaye juzi alikuwa akililia dawa, alirusha kofia hewani na kusema kwamba siku zote alijua Bi Mkunde ni mwanamke wa msimamo. Mkunde aliwatazama wanavyoruka. Mtu huwa jasiri sana shamba la jirani linapoungua.

"Ngojeni," alisema. "Ninyi wa juu. Mnaokolewa na shamba la mwenzenu. Kwenye mavuno yenu, kila tuta la tatu litakuwa la watu wa chini. Anayekubali ainue mkono."

Mikono iliinuka, mingi, juu sana. Mkunde aliijua mikono ile. Ilikuwa mikono ya watu waliolima kijaruba cha kula wenyewe na shamba la kuwauzia wengine.

Watu wa chini hawakupiga kelele. Walikuwa wamesimama pamoja kando ya goli, wanaume wamekunja mikono, wanawake wamefunga vitambaa vichwani kama walio msibani. Mwajabu alikuwa katikati yao. Alimtazama Mkunde kwa kitambo, kisha akageuka akaanza kuteremka.

"Utajibu kwa hili," Kamishna alisema kwa sauti ya chini alipokuwa akipita kwenda kwenye kerengende lake.

"Nitajibu," Mkunde alisema. "Mimi nina majibu."

Alipofika mtoni na jembe begani, Mwajabu alikuwa amekwisha kung'oa matuta mawili. Kabichi zilikuwa zimelala chali, mizizi juu. Mkunde aliingia kwenye tuta la tatu, akainama.

"Toka," Mwajabu alisema. "Hapa nang'oa mwenyewe. Nenda kwa wengine."

Mkunde alitoka. Alikwenda shamba la pili, la tatu, la nne, na watu walimwacha afanye kazi bila kumkaribisha wala kumfukuza. Jioni moshi ulikuwa umetanda bonde zima, na harufu ya kabichi inayoungua ilikuwa, kwa bahati mbaya, harufu ya chakula kizuri.

*

Zikafuata siku za Tumbo. Mashine ile ilimeza viwavi na kutema nyigu, na Mkunde hakutoka Kitotoleo ila kuchota maji. Kumtengeneza nyigu mpya si kumbadilisha mwili. Mwili unabaki uleule. Kinachobadilishwa ni pua. Kwenye vipapasi vya nyigu kuna vitundu vya kunusia, na katika vinasaba vyake mna orodha ya harufu anazoziita chakula. Tumbo lilikuwa likiifungua orodha hiyo na kuongeza harufu moja. Likikosea kidogo, nyigu hutoka akiwa anamtamani nyuki, na hilo lilikwisha kutokea bonde jingine, na asali haikuonekana huko miaka miwili. Kwa hiyo kila ukoo mpya ulijaribiwa kwanza kwenye kizimba chenye nyuki na vipepeo. Mkunde alizichoma koo tano. Wa sita ulimpita nyuki kwa dharau, ukamwendea kiwavi wa kijivu moja kwa moja.

Wakati huo huko juu watu walioahidi tuta la tatu walianza kukumbuka mambo. Mmoja alikumbuka kwamba alikuwa amesema kila tuta la tano. Mwingine alikumbuka kwamba aliinua mkono kujikuna. Huko chini, Mwajabu alimchinja mbuzi wake wa maziwa.

Siku aliyoikausha nyama ya mwisho, mlinzi wa Ukumbi wa Ustahimilivu alikuja mbio Kitotoleo.

"Bi Mkunde, njoo uwatoe watu wako."

"Sina watu," Mkunde alisema, lakini alikwenda.

Nyumba themanini zilikuwa zimehamia ukumbini. Mikeka ilitandikwa kati ya viti vya kuzunguka, watoto walikuwa wakizungushana humo mpaka wanatapika, na juu ya jukwaa la wasemaji Mwajabu alikuwa ameweka mafiga. Moshi ulikuwa umeipaka dari ya jasi rangi ya tumbaku. Kwenye chungu hamkuwa na kitu ila majani ya maboga.

Uso wa Kamishna ulikuwa kwenye kioo kikubwa cha ukutani, mwekundu, ukipiga kelele kutoka mjini. Wageni wa nchi kumi na mbili walikuwa wakifika Alhamisi.

"Mmevamia mali ya umma," alikuwa akisema.

"Hatujavamia," Mwajabu alimjibu huku akikoroga. "Mtunza ametangaza hasara mbele yako na mbele ya uwanja mzima. Kuanzia hapo ghala ni letu. Tumekuja kuchukua mahindi, tukakuta hayajafika. Tukasema si adabu kukusumbua, acha tuyasubiri humuhumu."

Kamishna alimwona Mkunde mlangoni. "Bi Mkunde, waambie hawa watu ukweli. Ulitangaza hasara au ulitoa maoni?"

Mkunde alimtazama wifi yake, aliyekuwa hamtazami, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi alijikuta amesimama mbele ya mtu wa Kwembago bila kumdharau. Yeye Mkunde alikuwa na Sheria mdomoni miaka yote hiyo na aliitumia kuwakataza watu. Mwajabu aliisikia mara moja tu shambani, akaingia nayo ndani, akaiwekea mafiga.

"Nilitangaza," alisema. "Nami natangaza tena."

Malori yalifika Jumatano. Mahindi, maharage, mafuta, chumvi, hata sukari ambayo Sheria haikuitaja.

Wageni walipokuja Alhamisi, Kamishna aliwatembeza kati ya mikeka na kuwaeleza kwamba hii ilikuwa awamu ya pili ya mpango, iitwayo Ghala Linaloishi. Wageni waliandika. Mama mmoja mwenye miwani aliinama akamwuliza Mwajabu, kupitia mkalimani, siri ya mafanikio yao ni nini.

"Mwambie mahindi yamekuja kwa sababu ninyi mlikuwa mnakuja," Mwajabu alisema.

Mkalimani, kijana wa Mamlaka, aliyageuza maneno yake. Mkunde aliyekuwa amesimama karibu aliijua kidogo lugha ya yule mama. Kijana alikuwa amesema: anawashukuru kwa kuja.

*

Nyigu wapya walitoka wiki ileile. Mkunde alivifungua vizimba kwenye barabara ya kanisa, na wingu jembamba lisilo na mlio likatawanyika juu ya ardhi iliyoungua, likavuka kwenda kuwamaliza viwavi waliobaki kwenye magugu. Mashamba ya juu yalivunwa mazima. Shekalaghe alipeleka ukumbini gunia moja la kabichi ndogondogo na akataka apigwe picha nalo. Wengine walipeleka kidogo zaidi, wengine hawakupeleka. Mahimbo alipandishwa cheo. Renatus aliyarudisha mapipa yake, na baada ya muda ilisikika kwamba yalipata bonde jingine, lenye mtunza mwenye kidole chepesi.

Mkunde aliachwa pale pale alipokuwa, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kuishi na nyigu.

Mvua za vuli zilipoanza, watu wa chini walihama ukumbini na kurudi mtoni. Mkunde aliteremka siku moja na mche wa kabichi kwenye kila mkono, miche aliyoikuza mwenyewe, na kumkuta Mwajabu akichora matuta mapya kwenye udongo mweusi wa majivu. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ile ya kioo. Alisimama kwenye ukingo wa shamba, asijue kama aingie.

Mwajabu aliichukua ile miche, akaigeuza kuangalia mizizi, akaiweka chini kivulini.

"Mdudu mwingine akija mwakani," aliuliza, "utaning'olea tena?"

Mkunde alifikiri jinsi ya kulisema kwa upole, akaona hakuna.

"Nitakung'olea."

Mwajabu alitikisa kichwa taratibu, akashika jembe lake na kuchora tuta jingine.

"Basi uje mapema," alisema. "Uje kabla sijapalilia."